Hadithi Zipo Mlangoni: Mashauri kwa Watakao Kutunga

Katika miji ya Kitale na Bungoma, na katika vijiji vilivyo baina yake, wako vijana wengi, na hata watu wazima, watamanio kutunga hadithi. Kalamu wanayo, lugha wanayo, na usiku kazi zikiisha nafasi wanayo pia. Lakini ukiwauliza kwa nini hawajaanza, wengi hutoa jawabu moja: “Sina jambo la kuandika. Huku kwetu hakutokei kitu. Ni mahindi na miwa tu.” Basi mmoja huketi akaandika habari za mpelelezi wa Nairobi, mji alioupita mara mbili akiwa ndani ya basi, na mwingine huandika habari za tajiri wa London, mtu ambaye hajui anakula nini wala anaogopa nini. Huandika kurasa tatu au nne, kisha hushindwa kuendelea.

Makusudi ya makala haya ni kuwaonyesha watu hao kwamba hawakupungukiwa na mambo. Walichopungukiwa ni desturi ya kuyauliza maswali mambo wayaonayo kila siku.

WALIOTUTANGULIA

Tuanze na mtu wa kwetu. Marehemu Ken Walibora, aliyefariki Nairobi mwezi wa Aprili mwaka 2020, alizaliwa Bungoma akakulia upande wa Trans Nzoia. Kabla ya kuwa mtangazaji na mwalimu wa chuo kikuu, alikuwa ofisa wa probesheni, kazi imkutanishayo mtu na wale waliohukumiwa mahakamani, pamoja na jamaa zao. Mwaka 1996 kilitoka kitabu chake Siku Njema. Humo kijana aitwaye Kongowea anatoka Tanga kwenda kumtafuta baba yake, na safari hiyo haimpeleki Ulaya wala Marekani, yampeleka Kitale. Mji ule ule ambao wenyewe twasema haufai kuandikwa, mtunzi aliufanya mwisho wa safari ya moyo. Hakuuongezea majumba wala maajabu. Aliweka humo mtu anayetafutwa, akamleta anayemtafuta.

Tena tutazame Unguja. Muhammed Said Abdulla, ambaye alipata kufanya kazi katika gazeti la wakulima la huko liitwalo Mkulima, alishinda zawadi ya kwanza katika mashindano ya kutunga hadithi ya mwaka 1957 na 1958, yaliyofanywa na East African Literature Bureau. Kitabu chake, Mzimu wa Watu wa Kale, kilipigwa chapa mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, ana kiko na akili kama Sherlock Holmes wa Waingereza. Lakini mtunzi hakumpeleka London. Alimwacha Unguja, penye mashamba na mizimu na maneno ya watu. Twajifunza hapa kwamba si vibaya kuazima mtindo wa kigeni, mradi watu na nchi viwe vyako.

JAMBO SI HADITHI

Wengi hukosea kwa kudhani kwamba jambo lolote lenye kelele ni hadithi. Moto sokoni ni jambo; ajali ya gari ni jambo; lakini hayo ni habari za gazeti, na kesho yatasahauliwa. Gunia la mahindi lililoota ukungu nalo ni jambo, tena dogo. Sasa mtazame mkulima ajuaye kwamba gunia lake lina ukungu, na karo ya binti yake yatakiwa Jumatatu. Mnunuzi aliyekuja ni shemeji yake, naye amwambia, “Mimi sifungui gunia lako, wewe nakuamini.” Hapo hadithi imekwisha kuzaliwa. Na ukikumbuka kwamba sumu ya ukungu wa mahindi iliua watu zaidi ya 100 Ukambani mwaka 2004, utaona kwamba gunia lile si dogo hata kidogo.

Kwa hiyo kila uonapo jambo, liulize maswali matatu. La kwanza: ni nani hapa, na anataka nini? La pili: ni nani au ni kitu gani kimzuiacho? La tatu: akishindwa, atapotewa na nini? Ukikosa jawabu la swali la tatu, weka jambo hilo kando, maana msomaji hatalijali. Na jawabu hilo si lazima liwe kifo. Kupotewa na heshima mbele ya shemeji ni hasara kubwa kuliko mtu adhaniavyo.

MAHALI PA KUCHOTA

Chota kwanza katika mila. Wabukusu hutahiri vijana wao katika miaka igawanyikayo kwa 2, mwezi wa Agosti. Kabla ya siku hiyo kijana huzunguka kwa jamaa zake akipiga njuga na kuwaalika, naye hufika kwa mjomba wake, ndugu wa mama yake, ambaye humchinjia na kumpa nyama ya kidari. Kila mtu wa Bungoma ayajua haya, na kwa kuwa ayajua hayaoni tena. Mtunzi na aulize: itakuwaje mjomba akiwa na kinyongo kwa kuwa mahari ya dada yake haijaisha? Kijana amesimama uani, njuga mikononi, wenzake wanaimba nyuma yake, na mlango haufunguliwi. Deni si lake. Aibu ni yake.

Chota pia katika mambo ya kale. Mwaka 1895 jeshi la Waingereza liliivunja ngome ya Wabukusu ya Chetambe, karibu na Webuye. Vitabu hutaja viongozi wa vita; havimtaji mama aliyekuwa na mtoto mchanga ndani ya boma asubuhi ile. Mwaka 1948 Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa, ambaye ujanani alikuwa mcheza mpira hodari, alihamishwa na Serikali ya kikoloni akapelekwa Lamu. Mtu wa miguuni pa Mlima Elgon akaamka kisiwani, penye mnazi na maji ya chumvi: je, nani wa Lamu alikuwa wa kwanza kumwamkia?

Tena kuanzia mwisho wa mwaka 1952 hata Aprili 1953, Jomo Kenyatta na wenzake 5 walihukumiwa Kapenguria. Mahali pale hapakuwa na hoteli, na mawakili walilala Kitale, wakaenda na kurudi kwa gari. Sasa mfikirie mtumishi wa meza katika hoteli moja ya Kitale. Asubuhi ampa chai wakili wa Serikali, asikia maneno, na jioni aulizwa na nduguye, “Leo wamesema nini?” Akijibu, aweza kufukuzwa au kufungwa. Akinyamaza, atamtazamaje nduguye?

Wala usidhani mambo ya kale peke yake ndiyo yenye hadithi. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilifungwa mwaka 2009. Kwa miaka mingi wenyeji walilalamikia moshi wake na harufu yake, wakasema mabati yao yaliota kutu upesi. Mweke mzee aliyeandika barua nyingi za kulalamika. Moshi umekoma sasa, na mshahara wa mwanawe umekoma pamoja nao. Mzee aliomba, akapewa. Na mwanawe yuko kimya mezani.

MFANO MMOJA TANGU MBEGU HATA MAVUNO

Yafaa tulime shamba moja mpaka mwisho, ili mwanzaji aone jinsi wazo dogo likuavyo.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1963, mashamba mengi ya walowezi wa Trans Nzoia yalinunuliwa na vyama na makampuni ya watu waliochanga fedha zao. Watu wa Bungoma na wa nchi nyingine waliuza ng'ombe wakanunua hisa. Wengine walipata hati za ardhi. Wengine walibaki na risiti. Hilo ni jambo lijulikanalo na wote, na mbegu yetu ni hiyo risiti.

Na tubuni mzee aliyenunua hisa, akahamia Kiminini pamoja na mwanawe mdogo, huku mwanawe mkubwa akibaki Bungoma katika ardhi ya babu. Mzee afia hospitali Kitale. Sasa swali: azikwe wapi? Mkubwa asema, “Baba aliniagiza nimlaze kando ya baba yake.” Mdogo asema, “Baba alilipenda shamba lake, atalala hapa.” Wote wawili wasema kweli. Lakini iko sababu ambayo mdogo hawezi kuitamka mbele ya wazee: hana hati, ana risiti iliyochakaa, na kuna watu wanaolidai shamba lile. Anajua kwamba karatasi huweza kupotezwa ofisini, lakini kaburi la baba ni alama ambayo watu huogopa kuing'oa. Mkubwa naye ana hofu yake asiyoitamka: mdogo akifukuzwa Kiminini, atarudi Bungoma na watoto 6 kudai sehemu ya ardhi isiyotosha hata sasa.

Tazama jinsi hadithi ilivyoanza kujijenga yenyewe. Hapana mtu mbaya hapa, na hilo ndilo liipalo hadithi nguvu. Mwanzaji hupenda kumweka mwovu mwenye macho mekundu. Lakini msomaji husikitika zaidi aonapo watu wawili wenye haki, na haki zao haziwezi kukaa mahali pamoja.

Kisha uliza: ni nani asiyeulizwa? Ni mjane. Yeye ndiye atakayebaki kando ya kaburi hilo, kokote liliko, na yeye ndiye aijuaye ile risiti ilipofichwa. Huenda hadithi nzima ikafaa kusimuliwa kwa macho yake. Tena, siku ya 3 baada ya maziko, kwa desturi ya Wabukusu, aweza kuitwa msemaji wa kumuse, ambaye huenda na kurudi katikati ya watu akisimulia asili ya jamii na kuwaonya walio hai. Mbele ya umati ule, atasema nini juu ya wana wawili wasiotazamana?

Na hadithi ianzie wapi? Si wakati mzee aliponunua hisa, maana huko ni mbali mno. Barabara kuu itokayo Kitale kwenda Webuye, na toka huko Bungoma, yapita Kiminini. Gari lililobeba jeneza halina budi kupita karibu na shamba lile. Dereva amelipwa na mkubwa. Kando ya barabara amesimama mdogo na majirani zake. Je, gari litasimama? Anzia hapo.

TAHADHARI MBILI

Ya kwanza ni juu ya jirani. Karani aonaye barua za watu, mwalimu ajuaye siri za wazazi, mzee akaaye barazani kusuluhisha ugomvi, hao wote wamekabidhiwa mambo yasiyo yao. Lichukue jambo, mwache mtu. Badili jina, kijiji, kazi, idadi ya watoto; changanya watu watatu uwafanye mmoja; na juu ya yote badili mwisho, maana mwisho ni kazi yako wewe mtunzi. Kama ukimaliza na jirani aweza kunyoosha kidole na kusema, “Huyu ni mimi,” bado hujatunga, umesengenya. Na siri ya ofisi usiiguse hata ukiibadilisha, ikiwa kwayo mtu aweza kudhurika.

Ya pili ni juu ya kazi za wenzako. Katika Kidagaa Kimemwozea, Walibora alimchora Majisifu, mtu aliyejipatia sifa kwa mswada wa kijana Amani, akautoa kwa jina lake mwenyewe. Funzo hilo latufaa sote. Ngano ya bibi ni mali ya wote, nawe waweza kuisimulia upya; lakini hadithi iliyotungwa na mwenzako, hata kama hajaipiga chapa, ni jasho lake.

KAZI YA KILA SIKU

Mwisho, jipatie daftari ndogo ikaayo mfukoni. Kila jioni andika humo jambo moja ulilolisikia au kuliona, kwa mstari mmoja au miwili, na chini yake swali moja. Usiandike mawazo makubwa. Andika maneno yenyewe ya muuza ndizi sokoni, au namna mzee alivyoikunja barua bila kuisoma. Jumamosi yasome yote 7. Matano hayatakuambia neno, yaache. La 6 huenda likakutia shauku kidogo. Litafute lile ambalo ulipolala uliendelea kuliwaza, ulipigie mstari, uliulize maswali yale matatu, kisha uanze.

Wazee wanaokumbuka mambo haya wanapungua kila mwaka, na kila azikwaye huondoka na mengi ambayo hakuna aliyemwuliza. Mtu wa mbali aweza kuja kuyaandika, nasi tutamshukuru. Lakini hatajua kwa nini mjomba alichelewa kufungua mlango. Wewe wajua. Basi andika.