Mtoto kiziwi anapopima programu ya tarakilishi

MTAALAMU anayetaka kujua iwapo programu ya tarakilishi ni rahisi kutumia humketisha mtumiaji mbele ya skrini na kumwomba aseme kila linalompitia akilini. Njia hiyo, iliyozoeleka tangu miaka ya 1980, humwacha nje mtoto kiziwi. Mikono yake ndiyo ulimi wake; akiitumia kueleza anachofikiri, hana mwingine wa kushika kipanya. Akimgeukia mkalimani, macho yameiacha skrini, na huenda lililomtatiza limekwisha kupita.

Watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya Georgia, Marekani, walikabiliana na suala hilo katikati ya miaka ya 2000 walipobuni mchezo uitwao CopyCat, unaowazoeza watoto lugha ya ishara ya Marekani. Haja ilikuwapo. Zaidi ya watoto 9 kati ya 10 walio viziwi nchini humo huzaliwa na wazazi wanaosikia, wengi wao wasioijua lugha hiyo, hivi kwamba mtoto aweza kufika shuleni bila lugha yoyote ya kutosha.

Mchezoni, mtoto humwamrisha paka kwa ishara, akiwa amevaa glavu za rangi zenye vipima-mwendo. Tatizo ni kwamba mtambo wa kutambua ishara haukuwa tayari. Basi mtafiti alijificha, akazitazama ishara na kuamua paka atii au la. Hila hiyo, iitwayo Mchawi wa Oz, ilifichua kasoro mapema, na ishara zilizorekodiwa zikatumiwa kuufundisha mtambo.

Ilidhihirika pia kwamba mtoto hatulii (na nani angetarajia atulie?): hujikuna, hurekebisha glavu, hupiga soga na mwenzake. Kwa hivyo alitakiwa kubonyeza kipanya kabla na baada ya kumwamrisha paka.

Hojaji nazo hazifai sana, kwa kuwa Kiingereza cha maandishi kwake ni lugha ya pili, na watoto hupenda kumkubalia mtu mzima. Afadhali kuangalia iwapo anaomba kucheza tena.

Nchini Kenya, Katiba ya 2010 inaitaka serikali kukuza Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo si ile ya Marekani. Programu iliyofaulu Atlanta ikiletwa Kisumu sharti ibadilishwe na kupimwa upya na watoto wa huko, mbele ya mpimaji anayezijua ishara zao.