Mokambo: Sumu ya madini, nani atalipa?

Mokambo, kwenye mpaka wa Haut-Katanga na Zambia, inatazamana na Mufulira, mji wa migodi ya shaba. Samaki wakifa mtoni ao mahindi yakikauka katika eneo kama hili, swali la kwanza ni: sumu imetoka wapi?

Sheria ya Madini ya RDC ya mwaka 2018 iko upande wa wakaaji. Kifungu cha 285 bis kinalazimisha mwenye haki ya kuchimba alipe hasara iliyoletwa na kazi yake, hata kama hakuna uzembe. Anaepuka kulipa tu akithibitisha kwamba hasara ilitoka kwa sababu nyingine isiyo kazi yake. Ikiwa ilitoka ngambo ya mpaka, hiyo ni kesi nyingine.

Hapo ndipo wanafunzi wa uchunguzi wa uchafuzi wanahitajika. Wanachota maji juu na chini ya mahali panaposhukiwa, wanaandika saa, wanafunga chupa na kuandika kila mtu aliyeishika. Maabara inalinganisha viwango vya kobalti, shaba na urani, maana kila chanzo kina mchanganyiko wake.

Lubumbashi ina msingi tayari. Mwaka 2009, watafiti wa UNILU, akiwemo Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo: wanaoishi chini ya kilomita 3 kutoka migodi ao viwanda vya madini walikuwa na kobalti nyingi zaidi.

Vipimo hivyo vilionyesha nani amebeba sumu mwilini. Hakimu atauliza pia ilitoka kwa nani, na jibu linategemea maji yaliyochotwa siku ileile, mbele mvua haijanyesha.