Mto Uliogeuka Bustani

Katika nchi ya Hispania, kando ya bahari ya Mediteranea, uko mji uitwao Valencia. Jua huwaka huko siku nyingi za mwaka, na nje ya mji yameenea mashamba ya michungwa na ya mpunga. Mgeni afikaye hupata bustani nyingi za kupumzikia. Lakini ile iliyo ndefu kupita zote haikupandwa shambani wala uwanjani; imepandwa katika njia ya mto uliohamishwa. Twende pamoja tukaitembelee, maana historia yake ina mafundisho kwa wazazi na kwa wanafunzi vilevile.

Mto huo ni Turia. Warumi walipojenga mji, mwaka 138 kabla ya Kristu, walichagua mahali hapo kwa ajili ya maji yake. Baadaye mifereji iliyotoka mtoni ilinywesha mashamba yote ya jirani. Hata leo, kila Alhamisi saa sita ya mchana, waamuzi waliochaguliwa na wakulima wenzao huketi penye Mlango wa Mitume wa Kanisa Kuu, wakaamua mashauri ya maji kwa maneno ya kinywa, bila mawakili.

Lakini mto unaolisha waweza pia kuua. Tarehe 14 Oktoba 1957, baada ya mvua kubwa, Turia ulifurika, ukaingia mitaani mara mbili kwa siku moja. Watu wasiopungua 80 walikufa, na jamaa nyingi zilibaki bila nyumba. Ndipo serikali ilipokata shauri la kuuhamisha mto wenyewe. Mkondo mpya, wenye urefu wa kilomita 12 hivi, ulichimbwa upande wa kusini wa mji, na kazi yote ikamalizika mwaka 1973.

Basi, njia ya kale ya mto ilibaki wazi katikati ya mji. Ifanyiwe nini? Wakuu wa siku zile walikusudia kupitisha humo barabara kubwa ya magari. Wenyeji wakakataa. Hispania ilikuwa bado chini ya Jenerali Franco, wala kupinga neno la serikali hakukuwa jambo jepesi. Hata hivyo watu walisema, na magazeti yakaandika, kwamba mahali pale ni mali ya wote, nao wanataka pawe na miti na majani mabichi. Mwaka 1976 Mfalme Juan Carlos aliukabidhi mji ardhi ile, na mwaka 1986 sehemu za kwanza za bustani zikafunguliwa.

Sasa tushuke bustanini, tuanzie upande wa magharibi. Hapo tunakuta ziwa dogo, na jirani yake makao ya wanyama wa Afrika yaliyofunguliwa mwaka 2008. Mtoto wa Valencia huenda hapo kumtazama tembo na twiga. Mbele kidogo, juu ya ukingo, ipo bustani ya mimea ya Chuo Kikuu, iliyo mahali hapo tangu mwaka 1802. Kisha tunapita chini ya madaraja ya mawe, mengine yenye umri wa miaka mia tano na zaidi. Zamani maji yalipita chini yake. Leo wanapita watoto na baiskeli, na wazee watembeao polepole chini ya misonobari na mitende.

Tukiendelea kuelekea baharini, tunamkuta Gulliver, mtu wa hadithi, amelala chali, urefu wake mita 70. Watoto humpanda mikononi na kuteleza juu ya nguo zake, kama wale watu wadogo wa katika hadithi. Mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini huteleza pamoja, wala hakuna aulizaye baba yake ana nini. Matembezi yetu ni ya kilomita 9 hivi.

Lakini tusitoke bustanini na furaha peke yake. Tarehe 29 Oktoba 2024 mafuriko makali yaliipiga tena nchi ya Valencia. Mkondo mpya uliyastahimili maji yake, na bustani pamoja na katikati ya mji zikabaki salama. Walakini ng’ambo ya kusini ya mkondo huo, mahali kama Paiporta na Catarroja, maji ya bonde jingine yaliingia majumbani. Katika jimbo hilo walikufa watu zaidi ya 220. Kumbe kinga ya mmoja si kinga ya jirani yake.

Siku zilizofuata, maelfu ya watu wa mjini, wengi wao vijana, walivuka kwa miguu daraja jembamba la mkondo mpya, wamechukua mabeleshi, mifagio, chakula na maji ya kunywa, wakaenda kuondoa matope katika nyumba za watu wasiowajua. Daraja hilo leo huitwa Daraja la Mshikamano. Waliorithi bustani kutoka kwa wazazi wao walionyesha hivyo kwamba wamerithi pia moyo uliowafanya wazazi waitake.

Nasi tujiulize. Mwenyezi Mungu alimweka mtu wa kwanza bustanini ailime na kuitunza. Hapa kwetu Kongo, yapata mwaka 1900, Bruda Justin Gillet, Mjesuiti, alianza kupanda bustani ya Kisantu, na vizazi vilivyokuja baada yake vimepumzika chini ya miti yake. Kila mji unao uwanja ulio wazi, ukingo wa mto, kivuli cha mti karibu na shule. Mtu mmoja akipanyakua, wote wamepungukiwa. Wote wakipatunza, hata yatima ana mahali pa kucheza. Nanyi vijana, mkipita penye mti uliopandwa na wengine, msivunje tawi lake, na msisahau kupanda wa kwenu.