Boda ikianguka Tuwan, picha ya CT inanunua nini?

Ajali ya boda Tuwan ina utaratibu wake. Wenzake wa steji wanamwokota majeruhi, wanambana katikati ya watu wawili kwenye pikipiki nyingine (daktari akiona atawakemea, shingo haibebwi hivyo), wanakimbia naye hospitalini. Kabla ya saa moja, grupu ya WhatsApp imeundwa: "Apigwe picha ya kichwa, tuchange." Namba ya M-Pesa inabandikwa. Huyu anatuma mia, yule mia mbili, mwingine anaahidi kesho.

Picha inayozungumziwa ni ya CT, ile mashine ya duara ambayo mgonjwa anaingizwa akiwa amelala. Inagharimu maelfu ya shilingi. Je, inastahili hizo pesa?

Hata kwenye pesa nyingi swali hili limeulizwa. Hospitali tano za Uholanzi na Uswisi zilifuatilia majeruhi 1,083 wenye hali mbaya. Kundi la kwanza lilipigwa CT mwili mzima moja kwa moja. La pili lilikaguliwa kwanza, likapigwa eksirei na altrasaundi, kisha CT ya sehemu zilizotiliwa shaka. Matokeo yalitoka katika jarida la The Lancet mwaka 2016: waliofia hospitalini ni asilimia 16 kila upande. Sare.

Lakini usikimbilie kusema CT haina kazi. Karibu nusu ya kundi la pili waliishia kupigwa sehemu zote vilevile. Kilichoshindwa kuleta tofauti ni kumpiga kila mtu kila mahali. Kwa hospitali ya kaunti, hiyo ni habari njema: daktari anayechagua hajakunyima kitu.

Thamani ya picha iko kwenye uamuzi unaofuata. Chukua kichwa. Eksirei inaonyesha mfupa, haionyeshi damu inayovuja ndani ya fuvu. Jamaa anaweza kuongea vizuri, akaitisha hata chai, halafu akazima. Tangu 2001 madaktari wana kanuni iliyotoka Kanada ya kuamua nani kati ya walioumia kichwa kidogo anahitaji CT: kwa mfano aliyetapika mara mbili au zaidi, au ambaye fahamu hazijarudi sawasawa saa mbili baada ya ajali. Hapo usihesabu shilingi.

Tumbo ni hadithi nyingine. Presha ikiwa inashuka, altrasaundi ya pale kitandani inaonyesha damu kwa dakika chache, na mtu huyo anahitaji chumba cha upasuaji. Kumsukuma hadi kwenye CT ni kumpotezea muda asio nao.

Kuna pesa nyingine inayopotea kimyakimya. Mgonjwa wa Kitale akipewa rufaa kwenda Moi, Eldoret, ni takriban kilomita 70. Asipobeba CD ya picha na ripoti yake, huenda akapigwa upya, na grupu ianze kuchanga tena. Ambulensi isiondoke kabla hamjaviweka mkononi.

Halafu kuna sheria. Katiba, kifungu cha 43(2), inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inayafafanua: huduma kabla ya kufika hospitalini, kuidhibiti hali ya mgonjwa, na kumpangia rufaa. Picha haijatajwa kwa jina. Mimi naona hivi: kama daktari hawezi kujua anadhibiti nini bila kuona ndani ya fuvu, basi CT hiyo ni sehemu ya dharura, na bili inaweza kungoja asubuhi. Kwa hiyo wakati wengine wanachanga, mmoja wenu abaki dirishani aulize waziwazi: anapigwa sasa, ama mnangoja M-Pesa ijae?