Adui wakiisha, ndugu wanapigana: watoto wetu na mchezo wa Double Dragon

Katika nyumba nyingi za Alunguli, jioni kuna swali moja: mtoto yuko wapi? Mara nyingi jibu ni lile lile. Yuko kwenye chumba cha michezo ya video, ama yuko nyuma ya nyumba na wenzake, vichwa vinne juu ya simu moja. Tukimwuliza anacheza nini, anasema ni mchezo wa kupigana, na hapo tunakasirika au tunanyamaza. Juma hili naomba tuwasikilize wachezaji wenyewe. Wana maoni juu ya michezo hiyo, na ndani ya maoni yao kuna mambo ambayo mama anapaswa kuyajua.

Mchezo wenyewe

Michezo ya namna hii iko mingi, lakini mingi inafanana: unatembea barabarani, adui wanakuja kwa makundi, unawapiga, unasonga mbele. Mmoja wa wazee wa ukoo huo unaitwa Double Dragon. Ulitoka Japani mwaka 1987, kwenye kampuni ya Technos Japan, na aliyeongoza kazi ni Yoshihisa Kishimoto. Mwaka mmoja kabla, 1986, alikuwa ametoa mchezo juu ya Kunio, mwanafunzi wa sekondari mwenye ngumi nyepesi. Kishimoto mwenyewe alieleza kwamba aliuchota katika ujana wake: msichana alimwacha, naye akawa mtu wa ugomvi. Tena alipenda sana filamu za Bruce Lee. Mashujaa wawili wa Double Dragon ni ndugu, na majina yao ni Billy Lee na Jimmy Lee.

Mwanzoni ulichezwa kwenye mashine kubwa yenye kimo cha mtu, ambayo haianzi mpaka umetia sarafu. Mwaka 1988 uliingia kwenye mashine ndogo ya nyumbani ya Nintendo, ile Famicom. Mashine za kuiga Famicom, pamoja na kaseti zake, ziliuzwa katika masoko mengi ya Afrika, na hapo ndipo vijana wengi wa zamani walijifunza michezo hii. Leo michezo hiyo ya kale inawekwa ndani ya simu. Kwa hiyo mtoto wa miaka kumi anaweza kucheza leo kitu kilichotengenezwa mama yake akiwa bado mdogo.

Hadithi ni fupi. Genge la wahuni linakuja. Mwanaume mmoja anampiga msichana Marian ngumi ya tumbo, anambeba begani, wanaondoka. Billy na Jimmy wanawafuata. Kuna hatua 4, na mwishoni anangoja mkubwa wa genge, Willy, na bunduki yake.

Wachezaji wanasifu nini, wanalalamika nini

Waulize waliocheza tangu zamani, waulize na watoto wa leo, sifa ya kwanza ni moja: watu wawili wanacheza kwa wakati mmoja, bega kwa bega. Mmoja akianguka, mwingine anamkinga mpaka asimame. Akiwa peke yake mtoto anachoka haraka. Akiwa na mwenzake anavumilia.

Lalamiko la kwanza ni juu ya kiwiko. Katika mchezo wa 1987 kuna pigo la kiwiko la kurudi nyuma lenye nguvu kupita yote. Anayelijua hana haja ya kujifunza kingine. Wachezaji wazuri wanasema hilo linaharibu utamu: ukishinda kwa pigo moja tu, umeshinda bila kujua kitu. Mimi kama mwalimu nafurahi kusikia hivyo. Ni sawa na mwanafunzi anayekariri jibu bila kuelewa hesabu. Wanalalamika tena kwamba adui wakijaa, mashine inapungua mwendo na kila kitu kinakwenda polepole.

Mchezo wa Famicom wa 1988 ulikuwa na jambo jema. Mchezaji hapewi mapigo yote siku ya kwanza. Anaanza na machache, mengine yanakuja kadiri anavyozoea. Lakini ule wa kucheza pamoja uliondolewa. Mmoja anacheza, mwenzake anangoja zamu yake. Na mwishoni mtoto anagundua kwamba mkubwa wa genge ni Jimmy, ndugu yake mwenyewe.

Ndiyo maana wachezaji wengi wa Famicom wanauweka mbele mchezo wa pili, Double Dragon II. Huo ulirudisha wachezaji wawili kwa pamoja, tena unawauliza kabla ya kuanza: mnataka A au B? Wakichagua A, mapigo yao hayamwumizi mwenzao. Wakichagua B, yanamwumiza. Wamama, tuikumbuke hiyo A na hiyo B, tutairudia.

Wa tatu, uliotoka kwenye mashine kubwa mwaka 1990, wengi wanausema vibaya. Ndani yake kulikuwa na maduka. Mchezaji aliingia na kununua nguvu, silaha na mapigo mapya, na malipo yake yalikuwa sarafu za kweli zinazotiwa ndani ya mashine. Wachezaji walikasirika: mwenye mfuko mzito anapata pigo, mwenye ujuzi anabaki nyuma. Mama anayeuza mchele kwa kopo anauelewa ujanja huo upesi. Mchezo umetengenezwa ili mtoto arudi kwako kuomba franka nyingine. Hata leo kuna michezo ya simu inayofanya biashara ile ile.

Mwisho unaowagawa

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya niandike. Katika mchezo ule wa 1987, wachezaji wawili wakimaliza adui wote na wote wawili wangali hai, mchezo hauishi. Ndugu hao lazima wapigane wao kwa wao. Anayebaki amesimama ndiye anayempata Marian.

Hapo maoni yanagawanyika. Wengine wanasema ni mwisho mzuri kuliko yote, sababu hakuna aliyeutazamia. Wengine wanasema ni usaliti: umesaidiana na mwenzako njia nzima, halafu mashine inakuamuru umwangushe. Nilipowauliza wanafunzi wangu, wavulana walibishana kwa kelele juu ya nani angeshinda. Wasichana waliuliza jambo lingine: mbona Marian hakuulizwa anamtaka nani? Katika mchezo wa pili ni vibaya zaidi, anauawa mwanzoni kabisa. Ilipita miaka mingi mpaka Marian akaheshimiwa. Katika Double Dragon Gaiden ya mwaka 2023 yeye ni mmoja wa wapiganaji ambao mchezaji anaweza kuwachagua.

Mwaka huu wa masomo, kwenye kiwanja, niliwaona ndugu wawili wa tumbo moja wakiigiza mchezo huo. Mwanzoni walikuwa upande mmoja, wanapiga hewa, wanafukuza adui wasioonekana, na wenzao wanashangilia. Kisha mkubwa akatangaza kwamba adui wameisha. Mara kiwiko chake kikawa mdomoni mwa mdogo wake, na jino likaanguka mchangani. Nilipomwuliza sababu, alinitazama kwa mshangao, akasema mchezo unaisha hivyo.

Mtoto huyo hakuwa na chuki na mdogo wake. Alifuata sheria aliyofundishwa, na hakuna mtu mzima aliyekuwa amekaa naye amwambie kwamba nyumbani sheria ni nyingine. Sisi wa Kindu tumeona vita. Tunajua kwamba watu wanaweza kusimama pamoja mbele ya adui mmoja, na adui akiondoka wakageukiana. Kwa hiyo swali la ndugu watafanya nini adui wakiisha si la kitoto hapa kwetu. Afadhali mtoto alijibu mapema, akiwa na maneti mkononi na mama karibu naye.

Tufanye nini?

Kwanza, tukae naye dakika kumi. Mwombe mtoto akueleze mchezo, yeye awe mwalimu na wewe mwanafunzi. Atafurahi, nawe utajua ni mchezo gani. Ikiwa umejaa damu au mambo ya watu wazima, hapo una haki ya kuuondoa, na atajua kwamba umeutazama kwanza.

Pili, tumwulize maswali mawili. Kwa nini huyu anapigwa? Na adui wakiisha, wewe na mwenzako mnafanya nini? Usimpe jibu upesi. Mwache afikiri.

Tatu, A na B. Watoto wa nyumba moja wakicheza wawili, wachague njia ya kutoumizana, kama mchezo unairuhusu. Na neno hilo tunaweza kulitumia hata bila mchezo. Katika darasa langu, wawili wakianza kusukumana, nasema tu: hapa tunacheza A. Wanacheka, wanaachana. Halifanyi kazi kila siku, lakini siku nyingi linafanya.

Nne, franka na saa. Tupange kabla, kwa kiasi kinachojulikana, na kiasi kikiisha kimeisha. Fedha ya mandazi ni ya mandazi, na ile ya mtumbwi ni ya mtumbwi. Mtoto aliyetumwa ng'ambo, Kasuku, akamalizia nauli yake kwenye mchezo, atarudi vipi huku Alunguli jua likizama? Kazi za masomo zitangulie, na maji yachotwe kwanza, mvulana kama msichana.

Tano, tuseme na wenye vyumba vya michezo, lakini tusiende mmoja mmoja na hasira. Twende kama kikundi. Tuwaombe mambo mawili tu: saa za masomo mlango ufungwe kwa wanafunzi, na giza likiingia watoto warudishwe nyumbani. Mwenye chumba naye anatafuta chakula cha nyumba yake, tena mara nyingi ana watoto kama sisi. Ombi la wamama ishirini wenye adabu ni gumu kulikataa.

Katika mkutano wetu ujao, kila mama alete jibu la mtoto wake kwa lile swali la pili. Wale ndugu wawili wa kiwanjani nimekwisha kuwauliza. Mdogo, mwenye pengo, alijibu wa kwanza: adui wakiisha, tunakwenda kula. Mkubwa wake aliinamisha kichwa kidogo, kisha akasema naye ni hivyo hivyo.