Metali nzito kwenye samadi: kuozesha hakuziondoi

Mkulima anayenunua samadi huuliza bei na kama imeoza vizuri. Ni nadra kuuliza mnyama alikuwa akilishwa nini. Kwa samadi inayotoka kwenye mabanda makubwa ya nguruwe, sisi tungeanza na swali hilo.

Shaba na zinki huongezwa kwenye chakula cha nguruwe kwa makusudi. Watoto wa nguruwe wakiachishwa kunyonya huharisha sana, na kwa miaka mingi wafugaji wengi wa Ulaya waliwapa oksidi ya zinki kwa wiki mbili hivi, hadi miligramu 2,500 za zinki katika kila kilo ya chakula. Mwili huchukua kidogo tu. Sehemu kubwa hutoka na kinyesi na kufika shambani, mwaka baada ya mwaka. Nitrojeni hutumiwa na mazao au hupotea hewani na majini, lakini shaba na zinki hulimbikizana kwenye udongo wa juu. Zikizidi, hudhuru mimea, minyoo na vijidudu vinavyorutubisha ardhi. Kondoo wako hatarini zaidi, kwa kuwa miili yao haitoi shaba kwa urahisi: wakilishwa kwenye malisho yaliyomwagiwa samadi ya nguruwe, ini linaweza kuharibika.

Wengi hudhani kwamba samadi ikiozeshwa inasafishika. Vijidudu vya magonjwa hufa kwa joto la lundo, ni kweli. Metali haiozi. Chukua lundo la kilo 1,000 lenye gramu 100 za zinki: likipungua uzito hadi kilo 500, zinki ni ileile gramu 100, kwa hiyo kila kilo sasa ina zinki mara mbili. Faida iliyopo ni kwamba sehemu ya metali hushikamana na mboji, mimea ikashindwa kuinyonya kwa urahisi. Kuchanganya makaa ya mabaki ya mimea huongeza mshiko huo. Lakini kushikwa si kuondolewa.

Kuziondoa hasa kunahitaji tindikali. Njia moja hutumia bakteria wanaokula salfa na kutoa tindikali ya salfa. Metali huyeyuka, maji yanakamuliwa, kisha chokaa inatiwa humo ili metali zitulie chini kama tope. Inawezekana, ila ni ghali, na fosforasi, ambayo mkulima anaihitaji, huondoka na maji hayohayo. Tena tope lile litatupwa wapi? Minyoo ya ardhini nayo hufyonza kiasi fulani cha metali, lakini lazima itolewe kwenye mboji, wala haifai kupewa kuku.

Ndiyo maana nchi kadhaa zimeamua kushughulikia chakula cha mifugo chenyewe. Umoja wa Ulaya uliacha kuruhusu dozi zile kubwa za zinki Juni 2022. China ilipiga marufuku viongezo vya aseniki kwenye chakula cha mifugo mwaka 2019.

Kwa anayenunua samadi leo, omba kuona lebo ya mfuko wa chakula walicholishwa wanyama, usome viwango vya shaba na zinki. Kama shamba limepokea samadi ya aina hiyo kwa miaka mingi, peleka udongo maabara kabla ya kuongeza nyingine.