Kazi za chakula na lishe: njia gani kwa watoto wetu wa Tshopo?



Kila mwaka matokeo ya Examen d'État yakitoka, swali ni lilelile: mtoto amepata diplome, sasa asome nini? Wengi wanajibu haraka: udaktari, sheria, ao enformatike. Chakula hakitajwi. Tunafikiri kazi ya chakula ni jembe tu, ao ni kuuza sokoni. Lakini kati ya shamba na sahani kuna kazi nyingi, na koperative zetu zinazihitaji.

Tuangalie nyumbani kwetu. Muhogo iko, ndizi za lituma ziko, sombe iko, mawese iko. Hata hivyo mtoto wa mkulima anaweza kuvimba miguu na nywele kugeuka rangi. Juu ya nini? Juu maharagwe, karanga, mayai na samaki vyote vimeenda sokoni, na yeye amebaki na fufu karibu tupu. Kulima peke yake haitoshi. Inafaa watu wenye kujua chakula kinafanya nini mwilini.

Njia ya kwanza: lishe na afya

Mtaalamu wa lishe anafanya kazi hospitalini, kwenye zone de santé, kwenye PRONANUT (programu ya taifa ya lishe), ao kwenye mashirika. Mnajua ile bande ya rangi tatu ya kupima mkono wa mtoto wa miezi 6 mpaka 59. Chini ya milimita 115 ni nyekundu: hatari kubwa. Relais communautaire anaweza kupima. Mtaalamu ndiye anafuata matunzo na kuwaonyesha wamama chakula cha kupika na vitu vya hapa hapa. Tuseme wazi: kazi ya relais ni ya kujitolea, haina mshahara. Ni mwanzo mzuri wa kujifunza, lakini haitoshi kulisha nyumba. Kwa masomo, mtoto aulize ISTM, na aulize mbele ya yote kama section ya lishe iko wazi mwaka huo.

Njia ya pili: shamba na mbegu

Yangambi, karibu kilometa 100 kutoka Kisangani kwa kushuka mto, kulianzishwa kituo cha utafiti wa kilimo tangu wakati wa INEAC, shirika lililoundwa mwaka 1933. Leo ni INERA. Tena kuna IFA-Yangambi, iliyoanza mwaka 1973, inayofundisha agronomia. Agronome anayejua lishe haangalii kilo tu. Anauliza pia: je, familia itakula nini kwenye shamba hili?

Njia ya tatu: kugeuza mazao

Muhogo mbichi unaanza kuoza siku mbili tatu baada ya kung'olewa. Na muhogo mchungu usipolowekwa vizuri unabaki na sumu. Kule Kahemba, jimbo la Kwango, watu wengi wamepooza miguu na ugonjwa wa konzo, unaokuja wakati watu wanakula muhogo wa namna hiyo siku nyingi bila chakula kingine cha kujenga mwili. Miguu hiyo haiponi. Kwa hiyo mtu anayejua kuloweka, kukausha, kusaga na kufunga unga vizuri anaokoa feza na maisha pia. Kazi hii haiombi universite kila mara. Kijana anaweza kujifunza kwa fundi, kisha kufungua kazi yake.

Njia ya ine: kupima ubora

Karanga na mahindi vikikaa na unyevu vinaota ukungu, na ukungu fulani unaacha sumu yenye kuharibu ini. Kwa macho huwezi kuiona yote, inafaa labo. Mtoto anayependa kemia na biolojia anaweza kusoma sayansi UNIKIS, kisha kutafuta kazi kwenye labo ao kwenye OCC, inayokagua bidhaa.

Mbele ya kulipa franga

Usiuze mbuzi juu ya jina la fakilte. Kaeni na mtoto, mujibu maulizo haya:

– Anapenda nini: kuongea na watu, udongo, mashini, ao labo?
– Masomo ni miaka ngapi? Katika mpango wa LMD, licence ni miaka 3, master inaongeza 2. Feza ya mwaka wa tatu itatoka wapi?
– Atafanya staji wapi?
– Nani anafanya kazi hiyo karibu na sisi? Mwende mumuulize siku yake inapitaje, na kama analipwa kila mwezi. Serikalini mtu anaweza kungojea mshahara muda mrefu. Ni vizuri awe na kazi ya pili mikononi.

Koperative inaweza kufanya nini?

Koperative ni masomo pia. Mwanafunzi akikaa mwezi moja pahali pa kukaushia, akiandika kilo zinazoingia, zinazooza na zinazouzwa, yeye anapata staji, na sisi tunapata hesabu ya hasara yetu. Kwenye mkutano unaokuja, komite iandike majina ya watoto wa wanachama walio miaka miwili ya mwisho ya humanités, wasichana na wavulana. Kisha iulize kila mmoja ni njia gani kati ya hizi ine inamvuta, mbele ya wakati wa kujiandikisha kufika.